Kabla Useme Una ADHD, Tuongee Kidogo

Leo sina utani mwingi.

Kuna video yangu ya mwaka jana ambayo wengi wenu mliiona, ile ya "Dalili 5 kwamba una ADHD na hujui." Sekunde 40 tu. Nilisimama jikoni na kikombe cha chai nikasema: ukisahau chai yako mpaka ipoe, una ADHD. Ukiangalia saa kwa simu halafu uirudishe mfukoni bila kujua ni saa ngapi, una ADHD. Ilivuma kuliko kitu chochote nimewahi kutoa. Sasa ukiitafuta huipati. Niliitoa mimi mwenyewe, na leo nataka niwaambie kwa nini.

Wiki chache baada ya ile video, dada mmoja aliniandikia inboksi. Alikuwa mwaka wa pili chuoni. Alisema alilia akiitazama, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kueleza maisha yake bila kumtukana. Nikajibu vizuri, nikamtumia roho nyekundu tatu, nikaendelea na mambo yangu. Wiki ya mtihani akaandika tena. Alikuwa amenunua tembe kwa jamaa fulani wa hosteli, zimefungwa kwa kipande cha karatasi, hazina pakiti, hazina jina. Aliambiwa tu "hizi ndizo za ADHD." Hakuwa amelala siku mbili. Moyo ulikuwa unadunda mpaka anauskia kwa masikio. Mtihani wa pili hakuufanya. Na hakunilaumu, manze. Aliniuliza tu: "Hii ni kawaida, ama niongeze?"

Niongeze. Hilo neno bado liko kichwani mwangu.

Nilimwambia aende hospitali usiku huohuo, akaenda na rafiki yake, na sasa yuko sawa. Lakini fikiria. Mimi, msee aliyeacha chuo mwaka wa tatu, ambaye hata mwenyewe sikuwa nimewahi kupimwa, ndiye nilikuwa daktari wa huyu dada.

Baadaye nikapata utafiti mmoja ulionifunga mdomo. Mwaka wa 2022, watafiti wa Kanada walichukua video 100 za ADHD zilizopendwa zaidi TikTok, wakazipitia moja baada ya nyingine. 52 zilikuwa zinapotosha. Zilizokuwa na manufaa ya kweli zilikuwa 21. Zilizobaki zilikuwa watu wakisimulia maisha yao. Yangu ingekuwa kwa zile 52, na sijui kama ningeweza kujitetea.

Sasa ngoja, usiichukue hii ukimbie nayo upande ule mwingine. Najua kuna wale wataenda kuambia watoto wao, "unaona, hata huyu amekubali, ni mambo ya mitandao, ni ya wazungu, sisi tulichapwa tukatulia." Hapana. Daktari wa Scotland anayeitwa Alexander Crichton aliandika kuhusu watu ambao akili yao haiwezi kukaa kwa kitu kimoja mwaka wa 1798. Mwaka wa 1902, George Still alisimama London mbele ya madaktari wenzake akaeleza watoto wenye akili nzuri kabisa ambao hawawezi kujizuia. Hapo hakukuwa na TikTok, hata runinga haikuwa imefika. Watafiti wakipima watoto nchi tofauti tofauti, wanapata kama 5 kwa kila 100. Kwa watu wazima inashuka, kama 2 au 3. Kwa darasa la wanafunzi 50, kama lile langu la shule ya msingi, huenda wawili au watatu walikuwa nayo. Wote tuliitwa watukutu, tukasimamishwa nyuma ya darasa.

Mimi niliitwa mvivu kuanzia darasa la tatu. Nikaombewa, nikachapwa, nikapelekwa tuisheni. Nilifika chuo kwa sababu karibu na mtihani mkubwa naweza kusoma kama mwendawazimu kwa wiki mbili, basi. Chuo hakiendi hivyo. Nilikuwa nafungua laptopu saa mbili jioni kuandika asaimenti, ikifika saa sita usiku najua kila kitu kuhusu vile feri ya Likoni inaendeshwa, na asaimenti haina hata neno moja. Muhula mmoja nilisahau kujisajili kwa masomo mpaka muda ukaisha. Nilijua tarehe. Iliandikwa ukutani! Mwaka wa tatu nikarudi nyumbani likizo, na sikurudi tena. Mkopo wa HELB bado unanikumbuka.

Baada ya ile inboksi ya dada, niliona aibu, nikaamua niende nipimwe kweli. Ilinichukua miezi kujipanga. Madaktari wa akili nchini ni wachache, wengi wako Nairobi, na ukienda kwa wa kibinafsi mfuko unalia. Nilidhani nitaingizwa kwa mashine, nipigwe picha ya ubongo, nitoke na karatasi. Kumbe hakuna mashine ya hivyo. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoweza kusema wewe peke yako una ADHD. Ukiona mtu anakuuzia hiyo, shika pesa zako. Kinachotumika ni maswali. Maswali mengi sana. Na siku ya kwanza ilipoisha daktari akaniambia: "Ukirudi, njoo na mzazi. Na kama kuna ripoti za shule ya msingi, zilete."

Mathe akatoka Nakuru na matatu ya asubuhi. Ripoti zilikuwa ndani ya ile karatasi ya nailoni anayoweka vyeti vya kuzaliwa na karatasi za shamba. Zote. Hakuwahi kutupa hata moja. Tukakaa pale watu watatu, daktari anazisoma. Darasa la tatu: ana akili ila hatulii. Darasa la tano: anapoteza vitabu. Darasa la sita: anajibu kabla swali kuisha. Darasa la saba: angeweza kufanya vizuri zaidi akitaka.

Daktari akamuuliza, "Mama, nyumbani alikuwa aje?"

"Daktari, huyu? Nilimtuma chumvi dukani saa kumi. Alirudi giza limeingia. Hana chumvi, hana pesa, na ana kiatu kimoja."

Tulicheka wote. Halafu daktari akauliza kama kuna mwingine kwa familia mwenye tabia kama hizo. Mathe akasema bila kufikiria: "Mjomba wake. Yule alisomea umakanika akaacha, akasomea umeme akaacha, akaanza kuku wakafa kwa sababu alisahau kuwapa maji." Akanyamaza kidogo. "Na mimi ndiye nilikuwa naambia mama yetu achape, huyo ni uvivu."

Sijawahi kuona mathe akinyamaza hivyo.

Sasa, kwa nini daktari alitaka mambo ya darasa la tatu na mimi niko na zaidi ya miaka 20? Kwa sababu ADHD haianzi kampasi. Mwongozo unaotumiwa na madaktari wengi duniani, ule wa Marekani wa mwaka wa 2013, unasema lazima dalili kadhaa ziwe zilikuwepo kabla ufike miaka 12. Dalili ziko vikundi viwili: tisa za kukosa umakini, na tisa za utukutu na kufanya mambo bila kusubiri. Mtoto anahitaji angalau sita za kikundi kimoja. Kuanzia miaka 17, tano zinatosha. Zinapaswa kuwa zimedumu miezi sita au zaidi. Zionekane mahali pawili au zaidi, si shuleni peke yake wala nyumbani peke yake. Ziwe zinaharibu maisha, si kukuudhi tu. Na daktari awe ameangalia kama kuna kitu kingine kinachoeleza hayo mambo vizuri zaidi.

Hiyo ya mwisho ndiyo video yangu iliruka. Na ndiyo ilimhusu beshte yangu tunayekaa naye keja moja. Yeye alishawishika na video yangu kabisa, akaanza kujiita "sisi watu wa ADHD." Hakumbuki kitu, hamalizi kitu, anasoma ukurasa mmoja mara nne. Akaenda kupimwa. Lakini alipoulizwa kuhusu utoto, kumbe alikuwa mtoto mtulivu, namba mbili namba tatu darasani, vitabu vyake vina jalada mpaka mwisho wa mwaka. Shida ilianza akiwa na miaka 20. Na ni nini kilianza akiwa na miaka 20? Alianza kufanya kazi za mtandaoni za wateja wa Marekani usiku, halafu mchana anaenda darasani. Alikuwa analala saa nne kwa siku, mwaka mzima. Na tangu babake afariki hakuwa amefurahia kitu. Alikuwa na msongo wa mawazo na usingizi mbovu. Vitu hivyo viwili vinaweza kukuibia umakini mpaka ufanane na mimi kabisa. Lakini matibabu yake si yangu. Angemeza dawa zangu angekosa hata zile saa nne za usingizi.

Hata madaktari hukosea, msidhani ni sisi wa video tu. Kule British Columbia, Kanada, walifuatilia karibu watoto milioni moja, na matokeo yakatolewa mwaka wa 2012. Wavulana waliozaliwa Desemba, yaani wadogo zaidi darasani, walikuwa wanapewa jina la ADHD asilimia 30 zaidi kuliko waliozaliwa Januari. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 70. Unaelewa? Mtoto mwingine shida yake ni kwamba yeye ni mdogo kwa mwaka mzima na analinganishwa na wakubwa. Na upande ule mwingine, wasichana wengi wenye ADHD ya kweli hawaonekani kabisa, kwa sababu hawarukiruki. Msichana anakaa kimya karibu na dirisha, anaota mchana, mwalimu anaandika "mpole." Pengine ndiyo maana yule dada alilia. Pengine anayo kweli! Lakini tembe za kwa karatasi haziwezi kumwambia.

Sasa swali ambalo mathe aliuliza tukitoka: "Kwa hivyo ni mimi nilikosea wapi?"

Mum, hukukosea. Sababu kubwa ni damu. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu asilimia 74 ya tofauti kati ya watu kwa mambo ya ADHD inatokana na jeni. Hiyo inakaribia kimo. Si jeni moja, ni nyingi sana, kila moja inaongeza kidogo. Haimaanishi mtoto wako lazima aipate, inamaanisha iko kwa familia kama vile urefu uko kwa familia. Kisha kuna vitu vya mazingira vinavyoongeza hatari: kuzaliwa kabla ya wakati, kuzaliwa na uzito mdogo sana, na sumu ya risasi, ile ya metali. Hapa Kenya tunaijua risasi vizuri. Owino Uhuru kule Mombasa, watu waliishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na risasi ikapatikana kwa damu ya watoto. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Sisemi watoto wa pale wana ADHD. Nasema risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na umakini ni moja ya vitu inavyogusa. Kwa hivyo kabla ya kulaumu malezi, uliza pia ni nini kiko kwa hewa na kwa udongo.

Na sukari? Ile ya "usimpe peremende atapanda ukuta"? Mwaka wa 1994 watafiti wa Marekani waliambia kina mama fulani kwamba watoto wao wamepewa sukari nyingi. Uongo, hakuna mtoto alipewa sukari. Wale kina mama wakasema watoto wao wamezidi utukutu, na wakawakosoa zaidi. Utukutu ulikuwa kwa macho ya mama. Simu nayo inaweza kukuharibia umakini, ninajua kwa sababu kazi yangu ni kukuibia huo umakini. Lakini ripoti yangu ya darasa la tatu iliandikwa nyumbani kwetu kukiwa na kabambe moja ya mathe, ya kupiga na kutuma meseji tu.

Tuje kwa dawa, kwa sababu hapo ndipo watu wanaumia.

Dawa yenyewe ni ya zamani. Mwaka wa 1937 daktari Charles Bradley kule Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto 30 dawa ya jamii ya amfetamini, na karibu nusu wakabadilika masomoni kwa njia iliyomshangaza hata yeye. Mwaka wa 1944 mkemia Leandro Panizzon akatengeneza methilifenideti huko Uswisi. Mke wake aliitwa Rita, ndiyo maana ikaitwa Ritalin. Inavyofanya kazi ni hivi: ubongo unatuma ujumbe kwa kemikali kama dopamini na noradrenalini, halafu unazirudisha ndani. Dawa inazuia zisirudishwe haraka, zikae kidogo zaidi. Ile ya muda mfupi inaisha baada ya kama saa nne. Kuna nyingine kama atomoksetini ambayo si ya kuchangamsha, na inachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi.

Kabla nipewe, nilipimwa presha, uzito, nikaulizwa kama kuna mtu kwa familia ana shida ya moyo. Nilianza na kiasi kidogo. Siku ya kwanza nilingoja nipae. Lakini wapi. Niliosha vyombo. Vyote. Nikamaliza, nikashangaa mbona sinki liko tupu. Hiyo ndiyo ilikuwa sinema yote. Lakini pia mchana ugali ulikaa mbele yangu nikauangalia kama picha, sikuwa na njaa hata kidogo, na mwezi wa kwanza nilipoteza kilo tatu. Nikichelewa kumeza, usingizi unakataa. Na dawa haichagui kazi. Kuna siku niliimeza nikakaa saa tatu bila kuinuka, nikipanga rangi ya maandishi ya video moja, na skripti yenyewe sikuigusa. Nimelazimika kujifunza mengine: kengele za simu, karatasi ukutani, kufanya kazi nikiwa nimekaa na mtu mwingine anayefanya yake. Dawa peke yake haingetosha.

Wale mnaosema "ata mimi nipewe nipite mtihani," skizeni. Mwaka wa 2023 watafiti wa Australia na Uingereza walichukua watu wazima 40 wasio na ADHD, wakawapa dawa hizi halafu wakawapa mafumbo magumu. Walitia bidii zaidi, wakachukua muda zaidi, na ubora wa kazi yao ukashuka. Yaani unatoa jasho jingi ukienda njia mbaya. Ni kama makomredi wanaokesha na miraa na muguka wakidhani ni kusoma. Kathinoni ya miraa mbichi ni ndugu wa amfetamini kikemia, ndiyo maana macho yanakaa wazi. Lakini macho kukaa wazi si umakini, muulize yeyote aliyeingia mtihani akiwa ametafuna usiku kucha. Na ile tembe isiyo na pakiti, hujui hata kama ni dawa yenyewe. Methilifenideti iko chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa za aina hii. Haiuzwi kama Panadol, na kuna sababu.

Wakati huohuo, anayeihitaji kweli anahangaika kuipata. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliombwa mwaka wa 2019 na tena 2021 kuiweka kwa orodha ya dawa muhimu, na mara zote mbili kamati yake ikakataa, ikitaka ushahidi bora zaidi. Kwa hivyo hali ni hii: Simone Biles, mwanamichezo mwenye medali za Olimpiki, alisema wazi mwaka wa 2016 kwamba ana ADHD na ametumia dawa tangu utotoni, hakuna aibu. Na mtoto wa darasa la tatu mahali fulani hapa kwetu anasimamishwa nyuma ya darasa leo kwa sababu hakuna mtu karibu anayeweza hata kuuliza yale maswali.

Msimamo wangu ni huu. "Mvivu" ni jina nililopewa na watu ambao hawakuniuliza swali hata moja. Na mimi nikageuka nikawapa nyinyi jina la "ADHD" bila kuwauliza swali hata moja. Ni kosa lilelile, tofauti ni kwamba langu lilikuwa na muziki.

Ukijiona kwa haya mambo, usijipe jina leo. Ongea na aliyekulea. Tafuta ripoti za zamani. Andika ni lini ilianza, ni wapi inakusumbua, unalala saa ngapi, na kama kuna kitu kilikuvunja moyo kabla ianze. Beba hiyo karatasi kwa daktari. Hata kama huna pesa ya mtaalamu sasa, anza na kliniki ya chuo au hospitali ya umma, itakusaidia kuliko mimi. Na kama wewe ni mzazi, mwalimu, au mkubwa wa mtu, kabla useme "uvivu," uliza kwanza.

Wiki iliyopita mathe alinipigia. Amemtembelea mjomba. Walikaa nje wakaongea mpaka usiku. Aliniambia, "Nimemuomba msamaha. Akaniuliza wa nini, nikaanza kumweleza, katikati akainuka akaenda kutafuta jogoo."

Haya, mimi naenda kuosha vyombo. Tupatane wiki ijayo.